Doa Jekundu kwa Fundi Sofa

Dada yangu anachora wezi. Hivyo ndivyo Mama anavyowajibu wanaomuuliza binti yake mkubwa anafanya kazi gani huko polisi, na mimi nimechoka kumsahihisha. Hachori wezi. Anachora mahali wezi walipopita. Anakaa makao makuu, ghorofa ya juu, katika chumba chenye kiyoyozi kinachodondoshea maji kwenye ndoo, na mbele yake kuna kompyuta yenye ramani ya jiji zima. Mtu akiibiwa simu, inawekwa nukta. Nyumba ikivunjwa, nukta nyingine. Nukta zikirundikana mahali pamoja, kompyuta yenyewe inapapaka rangi: kwanza njano, halafu rangi ya chungwa, halafu nyekundu. Wakubwa hawana muda wa kusoma nukta. Wanasoma nyekundu.

Mtaani wanamwita Bi Ramani. Jina hilo alilipata kabla hata hajaenda chuo, maana tangu utotoni alikuwa mtu wa kutaka kujua kila kitu kiko wapi. Ukihamisha kijiko jikoni anakufuata hadi uani. Wageni wakipotea, yeye ndiye anayetumwa kwenda kuwachukua. Mimi ni mdogo wake, na Mama anasema naweza kupoteza kiatu nikiwa nimekivaa. Kwa hiyo mkinisikia namsema, msidhani simpendi. Nampenda. Ila nina kinyongo naye, na sioni kwa nini nikifiche.

Baba ni fundi wa masofa. Karakana yake ilikuwa pale njia inapogawanyika, mabati juu, mbao pembeni, na mbele yake sofa kubwa la kijani ambalo hakutaka kumuuzia mtu. Wateja walilikalia wakisubiri, wajawazito walipumzika hapo wakitoka zahanati, na wambea wa mtaa walilifanya baraza. Baba alifanya kazi huku amebana misumari midogo mdomoni, kwa hiyo ukimuuliza jambo alikujibu kwa kuguna, na waliomzoea waliielewa miguno yake yote. Mimi nilishona mito na kushika kitambaa upande wa pili akikivuta. Dada amesomeshwa na masofa hayo. Hata mimi nimesomeshwa nayo, ila mimi nilirudi palepale kwenye sponji na gundi, na sijutii.

Mitaa yetu haina majina, au kama inayo basi yako ofisini kwa mtu. Nyumba hazina namba. Watu wanaelekezana kwa vitu: tangi la maji, zahanati, kituo cha mafuta, kwa Fundi Sofa. Na kwa Fundi Sofa ndipo palipojulikana kuliko pote. "Shuka kwa Fundi Sofa, kamata njia ya kulia." "Ulizia kwa Fundi Sofa, yeyote atakuonyesha." Walikuwapo watu wanaoishi mbali kiasi kwamba ukitoka kwetu mpaka kwao unafika umeloa jasho, na bado walisema wanakaa karibu na kwa Fundi Sofa.

Kitengo cha Dada kilipoanza, tatizo la kwanza lilikuwa hilohilo. Askari wa kaunta anaandika maelezo ya mlalamikaji kama anavyoyasikia: nimekabwa natoka kazini, mbele kidogo ya kwa Fundi Sofa. Kompyuta haijui maana ya "mbele kidogo". Inataka mahali. Basi Bosi wa kitengo akamwagiza Dada atengeneze orodha ya mahali panapojulikana na kila mtu, ili karani anapoingiza kesi achague jina, abonyeze, aende kwenye kesi inayofuata. Dada akazunguka mitaa yetu yote na kifaa cha kupimia mkononi, kofia kichwani, jasho linamtiririka. Akalipima tangi la maji, akaipima zahanati, akakipima kituo cha mafuta. Alipofika kwa Baba, akapima na pale.

Hakuna aliyemtuma kupima pale. Angeweza kupima ile nguzo ya umeme iliyo jirani, au duka la dawa lililo ng'ambo. Alipima karakana ya baba yake kwa sababu alitaka baba yake awemo. Jioni yake alikuja na simu, amevimba kwa furaha.

"Baba, njoo uone."

"Nini hicho?"

"Karakana yako. Nimekuingiza kwenye ramani ya serikali."

"Mimi?"

"Wewe. Imeandikwa, kwa Fundi Sofa. Soma mwenyewe."

Baba akatemea misumari kiganjani, akaifuta mikono yake kwenye suruali kabla ya kuishika simu. Akasoma. Akaisogeza mbali na macho, akasoma tena. Halafu akaniita kwa sauti ya kusikika hadi zahanati nije nione dada yangu alichofanya. Tangu siku ile alituchosha. Mteja akija kuuliza bei ya sponji, kabla hajatajiwa bei anapewa habari za ramani ya serikali.

"Sasa mtoza kodi hatapotea njia tena," Mama akamwambia, na sote tukaangua kicheko, Baba akiwa wa kwanza.

Makarani wanaoingiza kesi si watu wabaya. Wana mafaili yamejaa mezani na msimamizi anayewahesabia kazi. Maelezo yakisema "nyumba ya tatu ukishapita kwa Fundi Sofa," wanabonyeza Fundi Sofa. Yakisema "kichochoro cha nyuma ya shule, ukitokea kwa Fundi Sofa," wanabonyeza Fundi Sofa. Mama mmoja alikwapuliwa pochi ng'ambo kabisa ya reli, akaeleza kwamba alikuwa anaelekea kwa Fundi Sofa kuchukua viti vyake. Naye akabonyezwa hapohapo. Taratibu wizi wote wa upande wetu wa jiji ukahamia juu ya bati la baba yangu, wakati yeye yuko chini yake anapiga misumari.

Hivi Dada hakuona? Hili ndilo ninalomuuliza mpaka leo. Anasema aliiona nyekundu, lakini ukiitazama ramani ya jiji kwa mbali doa linafunika eneo lote hadi tangi la maji, akadhani ni mtaa mzima. Hakuvuta karibu. Mtu aliyekuwa akinifuata uani kwa ajili ya kijiko hakuvuta karibu! Aliandika ripoti ya maeneo sugu ya uhalifu, akaiwekea jalada zuri, Bosi akaisifu mbele ya wenzake, ikapelekwa kwa Kamanda.

Askari walikuja asubuhi, magari ya doria mawili, mapya, yananukia rangi. Aliyewaongoza alikuwa sajenti mnene, mpole wa sauti, ameshika karatasi yenye ramani. Baba alipoiona karatasi ile akatabasamu. Ndiyo, alitabasamu, na mimi nilikuwa pale nikimwona.

"Hiyo naijua," akamwambia. "Na mimi nimo humo."

"Umo, mzee," sajenti akajibu. "Umo sana. Tunatafuta mali ya wizi."

"Tafuteni. Karibuni."

Nadhani aliamini watachungulia kidogo na kuomba radhi. Wakatoa visu. Wakaanza na sofa la mwalimu wa shule ya jirani, lililokuwa limekamilika jana yake, kitambaa cha maua, linangoja tu kuchukuliwa. Wakalipasua mgongo. Wakapasua viti vya mkono, wakapasua mito niliyoishona mimi, sponji likamwagika barabarani na upepo ukalichukua. Baba alikuwa akiwafuata kutoka sofa hadi sofa akiwasihi kwa adabu: "Mwanangu, hapo usikate, kuna zipu nyuma. Nitakufungulia mwenyewe." Hakuna aliyesubiri zipu. Waliukata mpaka mgongo wa lile la kijani.

Walichokipata ni vile vitu vinavyopatikana ndani ya sofa lolote duniani: sarafu, vitana, kijiko cha mtoto, karata moja, rimoti isiyo na betri. Sajenti akavitia kwenye mfuko kuwa vielelezo. Baba akapakiwa garini mbele ya wambea walewale waliokuwa wakilikalia sofa lake, akahojiwa kutwa nzima kuhusu rimoti, akaachiwa jua linazama.

Wateja wakaja kuchukua walichobakiwa nacho. Mwalimu hakugomba. Ningefurahi angegomba. Alishika kile kitambaa cha maua kilichochanwa, akasema, "Fundi, mimi nilikuwa nadhani ni maneno ya watu tu." Kumbe maneno yalikuwa yameanza zamani, sisi wenyewe ndio tuliokuwa hatujayasikia. Eti mzee yule ndiye anayewafichia vijana mali. Unadhani lile sofa la kijani haliuzwi kwa nini? Hata waliokuwa wakimsalimia kwa mbali sasa walipita ng'ambo, kwenye duka la dawa.

Dada alikuja jioni ileile, bado amevaa kitambulisho cha kazini shingoni. Nilimtolea uvivu kabla hajakaa.

"Mnatafuta nini kwetu, nyinyi?"

"Sikujua wanakuja leo."

"Kwa hiyo ulijua wanakuja."

Alijua kuna operesheni. Alijua itaanza kwenye nyekundu. Ndipo akafungua kompyuta yake pale mezani, akavuta ramani karibu, akavuta tena, mpaka lile doa likajikusanya kuwa nukta nyingi zilizokaa moja juu ya nyingine, mahali pamoja, kwa Fundi Sofa.

"Mwacheni mtoto," Baba akasema. Alikuwa anajikanda goti. "Ametoka kazini, hajala."

Heri angempiga. Dada mwenyewe aliniambia baadaye kwamba heri angempiga.

Tukafanya kazi pamoja, yeye na mimi, kila jioni. Alikuwa akinisomea maelezo ya walioibiwa, namwonyesha ni wapi hasa, kwa kuwa kila nyumba upande ule nimeipelekea mto au kiti. "Geti la bluu baada ya kwa Fundi Sofa" nalijua. "Kwenye mti uliokatwa" naujua. Anaiondoa nukta kwa Baba, anaipeleka inakostahili. Doa likaanza kuyeyuka. Nukta zikajipanga zenyewe, mstari mmoja mrefu wa kueleweka: ile njia ya vumbi nyuma ya reli, wanayopita wafanyakazi wa kiwandani wakimaliza zamu, ambako taa za barabarani zimesimikwa lakini hazijawahi kuwaka. Wizi wote ulikuwa kule. Kwa Baba ilibaki nukta moja tu. Alikuwa ameibiwa nyundo, akaenda kuripoti mwenyewe.

Tulicheka kwa nyundo ile, nakiri. Tulidhani tumeshinda.

Bosi wa Dada ni mtu wa viatu vinavyong'aa na maneno ya taratibu. Aliitazama ramani mpya kwa makini, Dada anasema, na akaielewa mara moja. Hilo ndilo linaloniuma. Si kwamba hakuelewa.

"Kazi nzuri," akamwambia. "Lakini ripoti imeshapanda juu."

"Tuirekebishe, bosi. Hawa watu wanaumizwa nyuma ya reli."

"Nyekundu ile ndiyo iliyotuletea magari mapya. Leo niende kwa Kamanda nikamwambie nyekundu yenyewe ilikuwa ni uvivu wa makarani?" Akaegemea kiti. "Halafu niambie, huyu fundi ni nani yako?"

Dada akafikiri haraka. Akisema ni baba yake, marekebisho yote yataonekana ni ya kumkingia mzazi kifua. Akajibu, "Ni mtu wa mtaani kwetu tu."

"Basi mwache mtu wa mtaani ajitetee mwenyewe," Bosi akasema, na kumrudishia karatasi zake.

Kesho yake akarudi akasema ukweli: ni baba yangu mzazi, jana nilikudanganya. Alidhani ukweli utamlainisha. Bosi akatikisa kichwa kwa huruma kabisa, kama daktari mwenye habari mbaya.

"Sasa ndiyo umeharibu, dada yangu. Jana ungeweza kuwa na hoja. Leo wewe ni binti anayemfutia baba yake makosa. Na jana umedanganya. Nikiipeleka ramani hii, wewe ndiye utakayefukuzwa, si mimi."

Akaamua kubaki na kazi yake. Nilimwita mwoga, tena mbele ya Mama, na Mama akaniuliza kama mimi ndiye nitakayelisha nyumba hii kwa mito ambayo hakuna tena anayeitaka.

Karakana ilikuwa kwenye hifadhi ya barabara, kama vibanda vyote vya njia ile, na kila mwaka Baba alikuwa akienda halmashauri kuomba kibali kipya, anagongewa muhuri, anarudi. Mwaka huu nilimsindikiza. Ofisa akachungulia kompyuta, akauma midomo.

"Mzee, hapa kwako pamekuwa eneo hatarishi. Hatutoi kibali eneo hatarishi."

"Nani kasema?"

Ofisa akaigeuza kompyuta atuonyeshe. Jalada lilelile zuri. Doa lilelile.

"Hii ramani kaichora nani?" Baba akauliza, ingawa alijua vizuri nani kaichora.

"Wataalamu wa polisi."

Nikafungua mdomo. Baba akanikanyaga mguu chini ya meza, akanikanyaga hasa. "Wataalamu," akarudia. "Basi sawa. Kama ni wataalamu, watakuwa wanajua kazi yao." Tulipofika nje akaniambia, bila kunitazama, kwamba nikithubutu kulitaja jina la dada yangu mbele ya watu wa ofisini ataacha kunihesabu miongoni mwa watoto wake. Atafukuzwa, akasema, na tutakuwa tumepoteza vyote viwili.

Tingatinga la halmashauri lilipokuja kubomoa karakana, lilimaliza kazi kabla chai haijapoa. Tulikuwa tumeshaokoa cherehani, mikasi na vitambaa. Lile sofa la kijani halikuingia mlangoni kwetu, tukaliacha uani, kuku wakalipenda. Baba alisimama ng'ambo kwenye duka la dawa akiwa na misumari mdomoni. Sijui aliiweka saa ngapi. Hakukuwa na kitu cha kupigilia.

Sasa sikilizeni. Pale njia panda palipobaki peupe, watu wakakosa pa kuelekezea. Wakahamia kwenye tangi la maji. "Shuka tangi la maji, kamata njia ya kulia." Walioibiwa nao wakaanza kusema nimeibiwa karibu na tangi la maji. Makarani wakabonyeza tangi la maji. Na pale kwa Fundi Sofa nukta mpya haikuingia hata moja. Pakageuka kutoka nyekundu kuwa chungwa, kutoka chungwa kuwa njano, halafu pakawa peupe pe! Uhalifu umekwisha.

Wakafanya sherehe. Bosi alizibandika ramani mbili ukutani, kabla na baada, akawaalika Kamanda na wageni wenye kamera, na aliyesimamishwa mbele na fimbo ya kuonyeshea alikuwa dada yangu. Anasema aliangalia kwenye fimbo tu. Wakampigia makofi, wakampa cheti na cheo. Wiki hiyohiyo binti mmoja wa kiwandani alipigwa na kupasuliwa kichwa kule nyuma ya reli, gizani. Alipopata fahamu aliwaambia polisi ni karibu na tangi la maji.

Dada alikuja nyumbani na cheti ndani ya bahasha, hakukitoa. Mama ndiye aliyekitoa, akakisoma, akakirudisha ndani. Baba alikuwa amekaa kwenye kigoda, amenyong'onyea siku hizi, mikono mitupu juu ya magoti.

"Wamekupandisha?"

"Ndiyo, Baba."

"Hongera, mwanangu." Na alimaanisha. Hakuwa anamsuta, hajui kusuta.

Ndipo Dada akalia. Akasema kati ya machozi kwamba Bosi ameagiza orodha isafishwe, mahali pasipokuwapo tena paondolewe, na kwamba leo asubuhi amelichagua jina la Fundi Sofa kwa mkono wake mwenyewe na kulifuta. Nilimtazama nikataka kumchukia hadi mwisho, nikashindwa, kwa kuwa alikuwa analia vilevile alivyokuwa akilia utotoni, mdomo wazi, bila aibu.

Baba alisubiri amalize.

"Umefuta vizuri? Hawawezi kuliona tena?"

"Hawawezi, Baba."

"Na hapa nyumbani?"

"Hapa sijawahi kupaweka."

"Usipaweke," akasema. Kisha akatugeukia sote, mmoja mmoja, ahakikishe tumesikia. "Na mtu akiwauliza tunakaa wapi, semeni karibu na tangi la maji."